Kuunda na Kurekebisha Roboti Itembeayo kwa Miguu Minne

Roboti itembeayo kwa miguu hutofautiana na ile iendayo kwa magurudumu katika jambo moja linalotawala kila uamuzi wa ujenzi wake: gurudumu halitoki ardhini, ilhali mguu sharti uinuliwe ndipo usogezwe, na kila unapoinuliwa, mzigo wote wa roboti huhamia kwenye miguu iliyobaki. Ndiyo maana roboti nyingi za kujifunzia huanguka, hutetemeka au hujikokota hata pale programu yake inapokuwa sahihi, na ndiyo maana muundaji anayetafuta kasoro ndani ya programu kabla ya kuiweka roboti yake kwenye mizani hupoteza muda mwingi. Mwongozo huu unahusu roboti ndogo ya miguu minne, inayoweza kuundwa mezani kwa vifaa vya bei nafuu. Unaanza na muundo wa mota nane, mbili katika kila mguu, kisha unaeleza jinsi muundo huo unavyogeuzwa kuwa wa mota kumi na mbili na faida inayopatikana kwa kufanya hivyo.

Mota itumikayo katika kazi hii huitwa servo, yaani kijisanduku chenye mota ndogo ya umeme, gia za kupunguza kasi, kipima pembe, na saketi inayolinganisha pembe iliyopo na pembe iliyoagizwa. Servo ya kawaida haizunguki mfululizo. Hupokea agizo, hujigeuza hadi kwenye pembe inayotakiwa, kisha hujishikilia hapo hata ikisukumwa. Agizo lenyewe ni pigo la umeme linalorudiwa kila baada ya milisekunde 20, na urefu wa pigo ndio unaobeba maana: pigo la milisekunde 1.5 huipeleka servo katikati, na mapigo yaliyo karibu na milisekunde 1 au 2 huipeleka upande mmoja au mwingine. Nyaya zake ni tatu: wa kahawia au mweusi ni wa hasi, mwekundu ni wa chanya, na wa rangi ya chungwa, njano au nyeupe ni wa agizo. Aina mbili zinazopatikana kwa urahisi ni SG90, yenye gramu 9 na gia za plastiki, na MG90S, yenye gramu 13.4 na gia za chuma. Kwa roboti ya miguu inafaa ichaguliwe ya pili licha ya uzito wake, kwa sababu mguu hugonga sakafu mara nyingi mno katika saa moja ya majaribio, na jino moja la plastiki likivunjika mguu huanza kuteleza mahali palepale katika kila hatua.

Nguvu ya servo ya kuzungusha hupimwa kwa kilo-sentimita. Kipimo hiki humaanisha uzito ambao servo inaweza kuuzuia usishuke ukiwa umening'inizwa sentimita moja kutoka kwenye mhimili wake; uzito huohuo ukisogezwa hadi sentimita mbili, nguvu inayohitajika huwa maradufu. MG90S hutajwa kuwa na kilo-sentimita 1.8 kwa umeme wa volti 4.8, na 2.2 kwa volti 6, lakini takwimu hizo ni za kikomo, yaani hali ambamo mota imekwama, haizunguki tena, na umeme wote inaoula unageuka joto. Servo inayofanyishwa kazi karibu na kikomo chake huungua upesi. Kwa hiyo ni busara kutoidai zaidi ya nusu ya kikomo hicho, na kwa kuwa sokoni zimejaa nakala za bei ya chini, muundaji asiyejua asili ya servo alizonunua afadhali abaki chini zaidi ya hapo.

Hesabu ifuatayo ifanywe kabla ya kukata ubao wowote. Servo nane za MG90S zina uzito wa gramu 107 hivi, na seli mbili za lithiamu za aina ya 18650 zina gramu 95 hivi. Ukiongeza bodi ya udhibiti, kipunguza volti, nyaya, skrubu na kiwiliwili cha plaiwudi, jumla hukaribia gramu 350. Katika mwendo wa polepole miguu mitatu huwa chini wakati wowote, na ni rahisi kudhani kwamba kila mmoja hubeba theluthi ya mzigo. Lakini mwili unapopita karibu na mstari unaounganisha miguu miwili iliyo pembe kwa pembe, miguu hiyo miwili hubeba karibu mzigo wote, na kwa sababu hiyo kila mguu uhesabiwe kana kwamba unabeba nusu, yaani gramu 175. Ikiwa ncha ya mguu inagusa sakafu umbali wa sentimita 5 kutoka kwenye mhimili wa servo inayouinua, umbali ukipimwa kwa mlalo, nguvu inayodaiwa ni kilo 0.175 mara sentimita 5, sawa na kilo-sentimita 0.875, ambayo ni pungufu kidogo ya nusu ya 1.8. Roboti hiyo itasimama imara. Mguu huohuo ukirefushwa hadi sentimita 8 kwa sababu tu unapendeza zaidi machoni, dai hupanda hadi kilo-sentimita 1.4, na roboti itaanza kulegea mara servo zitakapopata joto. Urefu wa miguu ndio mahali ambapo wanaoanza hukosea zaidi, na kosa hilo haliwezi kurekebishwa kwa programu ya aina yoyote.

Kiwiliwili kinaweza kuwa bamba la sentimita 12 kwa 10. Likikatwa kwenye plaiwudi ya milimita 3 huwa na gramu 22 hivi, ilhali bamba la ukubwa huohuo la akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, hukaribia gramu 42 na aghalabu hupasuka kwenye matundu ya skrubu. Katika kila pembe ya bamba huwekwa servo moja ambayo mhimili wake umesimama wima, nayo husogeza mguu mbele na nyuma. Hiyo ndiyo nyonga. Servo ya pili hufungwa kwenye mkono wa ile ya kwanza, mhimili wake ukiwa umelala, nayo huinua na kushusha mguu. Betri, ambayo ndiyo kitu kizito kuliko vyote, ikae katikati ya bamba na chini yake ikiwezekana, kwa kuwa uzito ulio juu hukuza kila mtikisiko. Ncha za miguu zivishwe vipande vya tyubu ya baiskeli: mbao tupu huteleza kwenye vigae na sakafu ya saruji iliyosuguliwa, na roboti huonekana ikipiga hatua papo hapo bila kwenda popote.

Hatua inayostahili utulivu kuliko zote ni kufunga mikono ya servo. Mkono wa servo ni kile kipande cha plastiki au chuma kinachovikwa kwenye ncha ya mhimili, ambayo ina meno takriban 20, hivyo kuusogeza mkono kwa jino moja ni kuugeuza kwa digrii 17 au 18. Kila servo kwanza iunganishwe na bodi, ipewe pigo la milisekunde 1.5 ili isimame katikati, na umeme ukiwa bado umewashwa mkono uvikwe ukielekea upande unaokaribiana zaidi na ule unaotakiwa, kisha skrubu ya katikati ikazwe. Tofauti inayobaki, ambayo inaweza kufika digrii 8 au 9, isilazimishwe kwa koleo. Iandikwe ndani ya programu kama sahihisho la servo hiyo peke yake, likijumlishwa au kutolewa katika kila agizo. Muundaji anayeruka hatua hii hupata roboti yenye miguu minne inayosimama kwa vimo vinne, mguu mmoja ukielea hewani hata katika mkao wa kupumzika, na hakuna mwendo unaoweza kujengwa juu ya msingi kama huo.

Umeme ndio chanzo cha pili cha matatizo baada ya uzito, nazo dalili za upungufu wake ni bainifu: roboti huanza kunyanyuka, taa ya bodi hufifia, servo zote hushtuka kwa pamoja, kisha bodi hujiwasha upya na roboti hurudi kwenye mkao wa kuanzia, na mzunguko huo hujirudia. Sababu ni kwamba servo moja ya aina hii ikikwama huweza kuvuta karibu robo tatu ya ampea, hivyo nane zinazoanza kusukuma kwa wakati mmoja zinaweza kudai ampea kadhaa kwa muda mfupi, ilhali mlango wa USB wa kawaida hutoa nusu ampea tu. Servo zisiwekwe kamwe kwenye umeme unaopitia bodi ya udhibiti. Seli mbili za 18650 zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa volti 7.4 za kawaida na 8.4 zikiwa zimejaa, ambazo ni nyingi mno kwa MG90S, basi kati ya betri na servo huwekwa kipunguza volti kilichorekebishwa kutoa volti 5. Moduli ndogo ya LM2596 ina kikomo cha ampea 3 na hupata joto kali kabla ya kufika hapo. Ile ya XL4015, yenye kikomo cha ampea 5, inafaa zaidi. Kapasita ya mikrofaradi 1000, yaani kifaa kinachohifadhi umeme kidogo na kuuachia papo hapo unapohitajika, iwekwe kwenye njia ya umeme wa servo, na hasi za betri, servo na bodi zote ziunganishwe pamoja, kwa kuwa bila hasi ya pamoja servo haina kigezo cha kupimia pigo inalopelekewa.

Seli za lithiamu zinahitaji uangalifu wa pekee. Seli haipaswi kupita volti 4.2 wala kushushwa chini ya 3.0, isilehemewe moja kwa moja bali iwekwe kwenye kishikio chake, na fyuzi ya ampea 5 ikae karibu na upande wa chanya. Seli zinazotolewa kwenye betri kuukuu za kompyuta mpakato hutumiwa na mafundi wengi, nazo hufaa iwapo zitapimwa kwanza: iliyoshuka chini ya volti 2.5, iliyovimba au yenye kutu isijaribiwe kuchajiwa hata kidogo, kwa sababu inaweza kuwaka moto. Hata seli nzima isiachwe ikichajiwa bila mtu chumbani.

Kwa udhibiti, bodi ya ESP32 inatosha, kwa kuwa ina kasi ya kutosha na inaweza kupokea maagizo kutoka kwenye simu kwa njia ya Wi-Fi au Bluetooth. Kazi ya kutengeneza mapigo ikabidhiwe saketi ya PCA9685, ambayo hupokea maagizo kwa nyaya mbili tu na kuhudumia servo 16. Saketi hii hugawa kila kipindi cha milisekunde 20 katika sehemu 4096, hivyo sehemu moja ni takriban mikrosekunde 4.9, na pigo la katikati, la milisekunde 1.5, huwa sehemu 307. Bodi yake ina milango miwili ya umeme ambayo huchanganywa mara nyingi: VCC ni ya saketi yenyewe, nayo ipewe volti 3.3 kutoka ESP32, na V+ ni ya servo, nayo ipewe volti 5 kutoka kwenye kipunguza volti. VCC ikipewa volti 5, nyaya za maagizo nazo hupanda hadi volti 5, kiwango ambacho milango ya ESP32 haikutengenezwa kukihimili.

Sasa roboti inaweza kusimama, na suala la kutembea linahitaji dhana mbili. Ya kwanza ni kitovu cha uzito, yaani nukta ambayo uzito wote wa roboti huweza kuhesabiwa kana kwamba umekusanyika hapo. Ya pili ni eneo la egemeo, yaani umbo linalopatikana sakafuni kwa kuunganisha ncha za miguu iliyo chini. Miguu mitatu ikiwa chini, umbo hilo ni pembetatu. Roboti inayokwenda polepole haianguki maadamu mstari wima unaoshuka kutoka kwenye kitovu cha uzito unatua ndani ya eneo la egemeo. Kitovu hupatikana kwa njia rahisi: roboti huning'inizwa kwa uzi kutoka pembe moja ya bamba, mstari unaoendeleza uzi kwenda chini huchorwa kwa penseli kwenye bamba, kisha kazi hiyo hurudiwa kutoka pembe nyingine, na mistari miwili inapokatana ndipo kilipo kitovu kwenye usawa wa bamba. Kikionekana kimeelekea upande mmoja, betri isogezwe hadi kirudi katikati.

Hapa pana jambo ambalo huwashangaza wengi. Kitovu kikiwa katikati kabisa na mguu wa nyuma wa kushoto ukiinuliwa, pembetatu inayobaki ina upande mmoja unaotoka mguu wa mbele wa kushoto hadi wa nyuma wa kulia, na upande huo hupita katikati ya roboti; kwa maneno mengine, kitovu hukaa juu ya ukingo wenyewe, na mtikisiko mdogo kabisa huiangusha roboti upande wa mguu ulioinuliwa. Kwa hiyo kabla ya mguu wowote kuinuliwa, mwili wote hauna budi kusogezwa sentimita 1 au 2 kuelekea mguu ulio pembe ya mkabala, jambo linalofanywa kwa kuigeuza miguu yote minne ikiwa bado iko chini. Mpangilio wa miguu nao una uzito wake. Robert McGhee na Andrew Frank, wahandisi wa Marekani walioshiriki katika uundaji wa mashine ya miguu minne iliyoitwa Phony Pony katika miaka ya 1960, walichapisha mwaka 1968 uthibitisho wa kihisabati kwamba, kati ya miendo ya kutambaa ya miguu minne, upo mmoja unaozidi mingine yote kwa uthabiti: mguu wa nyuma hufuatwa na wa mbele wa upande uleule, kisha upande wa pili hufanya vivyo hivyo, na kila mguu hukaa chini kwa muda usiopungua robo tatu ya mzunguko. Ng'ombe anayetembea taratibu malishoni hufuata mfuatano huohuo, na mtu anaweza kuuthibitisha kwa macho yake.

Katika programu, kila hatua ya mguu igawanywe katika vipande vidogo vya milisekunde 20, badala ya kuiagiza servo iruke kwa mkupuo kutoka pembe ya kwanza hadi ya mwisho. Mgawanyo huu hulainisha mwendo na pia hupunguza msukosuko wa umeme uliotajwa hapo juu. Majaribio yaanzie juu ya kopo au kisanduku, miguu ikiwa hewani, ili mfuatano uhakikiwe bila mzigo. Ndipo roboti ishushwe sakafuni na kuendeshwa mguu mmoja baada ya mwingine, ikisimama kila baada ya hatua. Ikiangukia upande wa mguu ulioinuliwa, msogeo wa mwili uongezwe kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.

Muundo wa mota nane una upungufu wa kimaumbile ambao hauondoki kwa ustadi wowote. Nyonga inapozunguka, ncha ya mguu huchora tao, ilhali mwili unahitaji kwenda kwa mstari ulionyooka. Tofauti kati ya tao na mstari hulipwa kwa ncha kukwaruza sakafu, na kila mkwaruzo ni nguvu iliyopotea. Servo ya tatu, iliyowekwa kwenye goti, huondoa tatizo hilo kwa sababu mguu unaweza kurefuka na kufupika huku ukizunguka. Lakini servo nne zaidi huongeza gramu 54, na pamoja na vishikio vyake roboti hufika gramu 430 hivi; nusu yake ni gramu 215, ambayo kwa sentimita 5 hudai kilo-sentimita 1.075, zaidi ya nusu ya kikomo. Dawa ni kuisogeza ncha ya mguu karibu na mwili, sentimita 4 kutoka kwenye mhimili wa paja, yaani ule wa servo inayouinua mguu, na dai hurudi hadi 0.86.

Programu nayo hubadilika, kwa kuwa muundaji sasa hutaja mahali ambapo ncha ya mguu inatakiwa kufika, na hesabu hutafuta pembe za viungo. Paja, muundi na mstari wa kuwaza unaotoka mwanzo wa paja hadi kwenye ncha huunda pembetatu, na kanuni ya kosini inayofundishwa shule ya sekondari humaliza kazi. Chukua paja la sentimita 5, muundi wa sentimita 6, na ncha iliyo sentimita 4 nje na 5 chini ya mhimili wa paja. Mraba wa umbali ni 16 jumlisha 25, yaani 41. Kosini ya pembe ya goti ni 25 jumlisha 36 toa 41, kisha gawanya kwa 60, ambayo ni theluthi moja, na pembe yenyewe ni digrii 70.5. Paja katika mkao huo huinuka takriban digrii 11 juu ya mlalo, jambo linaloipa roboti umbo la buibui, na ncha ya mguu hukaa karibu chini ya goti, hivyo servo ya goti hubeba kidogo sana ikilinganishwa na ile ya paja. Iwapo servo moja ya goti itapata joto kuliko ya paja, kasoro itafutwe kwenye sahihisho lake au kwenye skrubu iliyokazwa kupita kiasi.

Marekebisho mengine yafanywe moja moja, na roboti ipimwe kwenye mizani kila baada ya kuongezwa kitu. Kishawishi kikubwa ni kuweka servo zenye nguvu zaidi, kama MG996R, ambayo hutajwa kuwa na kilo-sentimita 9.4 kwa volti 4.8. Kila moja ina gramu 55, hivyo kumi na mbili ni gramu 660 kabla ya kitu kingine chochote. Zikikwama kwa volti 6 kila moja huweza kuvuta ampea 2.5, na kwa hiyo hudai betri kubwa, kiwiliwili kigumu na nyaya nene, ambavyo vyote huongeza uzito unaorudi kuzilemea. Badiliko hilo ni sawa na kuunda roboti nyingine, na ni haki lipangwe hivyo tangu mwanzo. Kihisi cha HC-SR04, kinachopima umbali kwa sauti isiyosikika kuanzia sentimita 2 hadi mita 4, ni chepesi na huongeza uwezo wa kukwepa vizuizi, ila jibu lake hutoka kwa volti 5, na kabla ya kuingia ESP32 lipunguzwe kwa rezista mbili, ya kilo-omu 1 na ya kilo-omu 2. Kihisi cha MPU6050, chenye jairoskopu na kipima mchapuko, huiwezesha roboti kujua inavyoinama na kurekebisha urefu wa miguu kwenye mteremko. Kifungwe kwenye bamba lenyewe karibu na katikati, mbali na servo zinazotetemeka.

Mwendo wa kasi, ambamo miguu miwili ya pembe kwa pembe huinuliwa pamoja, ujaribiwe mwisho, kwa sababu hapo eneo la egemeo hubaki mstari mtupu na roboti huokolewa na muda pekee: jozi ya pili lazima itue kabla mwili haujapata nafasi ya kuinama. MG90S isiyo na mzigo hupita digrii 60 kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, basi hatua ya digrii 20 inayochukua sehemu mbili za kumi inawezekana hata chini ya mzigo. Roboti ikiinama, miguu iinuliwe kwa kimo cha chini zaidi, hata sentimita 1 kwenye sakafu tambarare, na hatua ifupishwe kabla ya kuongezwa kasi, kwa kuwa mguu usiokwenda juu sana hurudi chini mapema bila kuidai servo nguvu zaidi.